Sangara kwenye kayaki hapa Mwanza: fimbo gani, rili gani, na fishifainda ya nini

Ukitafuta ushauri wa vifaa vya kuvulia kwenye kayaki, karibu wote unaokutana nao umeandikwa na Wamarekani kwa ajili ya samaki wao anayeitwa bass, na bass ziwani kwetu Victoria hayupo, wa karibu ni wale wa Naivasha kule Kenya walioletwa enzi za mkoloni. Sasa tofauti ya huyo bass na sangara wetu sio ndogo. Bass mkubwa kabisa kwenye rekodi ana kilo kumi na kidogo, alivuliwa Georgia mwaka 1932, halafu 2009 Mjapani mmoja akamvua mwingine wa uzito karibu uleule Ziwa Biwa, na hapo ndo mwisho, wengi wanaovuliwa kila siku ni kilo moja, mbili, tatu. Sangara wa kilo kumi nenda Kirumba Mwaloni uone kama kuna mtu anageuza shingo kumuangalia. Rekodi ya sangara aliyevuliwa kwa fimbo iliwekwa Ziwa Nasser, Misri, mwaka 2000, kilo 104.

Lakini usikimbilie kusema basi vifaa vya bass havifai huku, vinafaa sana tena, kwa sababu vimetengenezwa kwa mtu anayerusha na kuvuta siku nzima bila kuchoka, na sangara wengi utakaowapata karibu na mawe ya ghuba yetu ni wa kilo mbili mpaka tano, ambao fimbo nzito ya bass inawamudu vizuri. Kazi ni kujua kwenye orodha ya Mmarekani uchukue nini na uongeze nini. Msimamo wangu ni kwamba ukiwa na hela ya kugawa, fungu kubwa liende kwenye rili na uzi, fimbo ya bei ya kati inatosha, na fishifainda, kile kifaa kinachoonyesha kina na samaki kwa kutumia sauti, inunuliwe mwisho tena ndogo. Watu wengi wanafanya kinyume, wanaanza na kioo kikubwa cha kuangalia samaki alafu rili wanachukua ile ya bei rahisi iliyoning'inizwa dukani na uzi wake umeshaviringishwa, na sangara wa kwanza wa maana anaondoka na kila kitu.

Na kayaki nayo ina mambo yake usipoyafikiria utanunua kitu kizuri ambacho hakikufai. Umekaa chini, kiuno kiko karibu usawa na maji, mkono mmoja mara nyingi una kafi, umevaa laifujaketi nene kifuani, na asubuhi maji yametulia lakini mchana upepo wa ziwani unaingia na unaanza kukusukuma kwenye mawe huku samaki anakuvuta upande wa pili. Kwa hiyo kila ninachosema hapa chini kipime kwa swali moja, je hiki naweza kukitumia nimekaa, kwa mkono mmoja, kwenye wimbi?

FIMBO

Tuanze na urefu. Fimbo ya futi 6 ni tamu kuishika, haigongi kitu, ila ina tatizo moja kubwa, samaki akipita chini ya kayaki akatokea upande wa pili huwezi kuzungusha ncha ya fimbo mbele ya pua ya kayaki, uzi unasuguana na plastiki, na fimbo inakunjwa kwenye ukingo mpaka inavunjika. Fimbo ya futi 8 inazunguka bila shida na inarusha mbali kweli, lakini ukimleta samaki karibu huwezi kumfikia, ncha iko mbali huko na wewe umekaa, mkono haufiki kwenye uzi, na kusimama kwenye kayaki na sangara anayepiga kichwa sio jambo la kujaribu. Futi 7 ndo jibu kwa watu wengi, na kama wewe ni mfupi au kayaki yako ni fupi chukua futi 6 na nusu.

Kitu ambacho watu hawakiangalii kabisa ni kipini cha nyuma, kile kipande kinachobaki chini ya rili. Fimbo nyingi za kuvulia ukiwa umesimama ufukweni au kwenye boti zina kipini kirefu cha kubana kwapani, sasa ukikaa kwenye kayaki hicho kipini kinagonga laifujaketi kila ukirusha, kinanasa kwenye mikanda, na ukigeuka ghafla kinakupiga mbavu. Ukiwa dukani kaa kwenye kiti kifupi, shika fimbo na rili yake, geuza mkono kulia kushoto. Kipini kikigota tumboni iache hata kama ni nzuri.

Grafaiti au faiba? Grafaiti ni nyepesi na inakuletea taarifa, unasikia chambo kinagusa jiwe, kinapita kwenye matope, kinadonolewa. Ila ikigongwa kwenye ukingo wa kayaki au ikikanyagwa inapata ufa usiouona alafu inapasuka siku ya samaki mkubwa. Faiba ni nzito kidogo na haikwambii sana, ila inakunjika mpaka unaogopa na hairudi na jeraha. Kuna za mchanganyiko, Ugly Stik ndo jina linalojulikana zaidi, ndani grafaiti na faiba pamoja, na kwa kayaki ya ziwa letu mi naziweka juu ya grafaiti tupu bila kusitasita, kwa sababu kwenye kayaki fimbo inagongwa, hata uwe muangalifu vipi inagongwa. Isipokuwa kama unavua kwa chambo laini cha mpira kinachoburuzwa chini taratibu, hapo grafaiti inalipa, kwa sababu usiposikia mguso hujui kama ni jiwe au mdomo.

Nguvu ya fimbo imeandikwa juu ya kipini kwa herufi, M ni ya kati, MH ni nzito kiasi, H ni nzito. Pembeni kuna uzito wa chambo kwa aunsi, na aunsi moja ni gramu 28. Fimbo ya M ya bass kwa kawaida inaishia kwenye gramu 15 hadi 20 hivi, hiyo kwa sangara ni ndogo, sio kwamba itavunjika na samaki, ila huwezi kurusha nayo chambo kikubwa kinachopendwa na sangara. Ile MH inayofika gramu 28 ndo chini kabisa ya kuanzia. Ukitaka kuburuza chambo kikubwa cha kuzama nyuma ya kayaki, zile za midomo mirefu zenye gramu 40 na zaidi, chukua H.

Alafu kuna mkunjo. Fimbo inayokunjika nchani tu inafaa ndoana moja, unapiga na ndoana inaingia papo hapo. Fimbo inayokunjika mpaka katikati inafaa vyambo vyenye ndoana za meno matatu, kwa sababu sangara akinaswa anaruka juu anatikisa kichwa na mdomo wazi, na fimbo ngumu inakuwa kama inamsaidia kuitoa. Inayokunjika katikati inamfuata. Hapa kama unanunua fimbo moja tu, chukua ya mkunjo wa katikati.

Na usafiri jamani. Fimbo ya kipande kimoja ni bora, sina ubishi, lakini ebu ifikirie kwenye bodaboda kutoka mjini mpaka Igombe au Luchelele, futi 7 nzima imesimama mgongoni kwa abiria, inapita chini ya matawi na waya, au ndani ya daladala asubuhi watu wamejaa. Ya vipande viwili ukinunua ya maana, ile yenye kiungo kinachobana vizuri, huoni tofauti ukiwa majini. Mwenye gari au anayehifadhi vifaa vyake hukohuko mwaloni, sawa, achukue kipande kimoja. Zile za teleskopu zinazoingia ndani ya mfuko wa shule ziache kwa kuvulia furu, wale samaki wadogo wa ziwani.

RILI

Hapa ndo pa kutulia.

Rili zinazogombaniwa ni mbili, ya spini ambayo inaning'inia chini ya fimbo, na beitikasta inayokaa juu. Wamarekani wa bass wanapenda sana beitikasta na wana sababu, ina nguvu ya kuvuta, inarusha kwa usahihi, unaibonyeza kwa dole gumba tu na mkono mmoja umemaliza. Kwa mtu aliyezoea hata kwenye kayaki ni raha. Tatizo ni upepo. Ukirusha kuelekea upepo, chambo kinapunguza mwendo hewani lakini kidumu cha uzi bado kinazunguka, uzi unajimwaga ndani unajifunga mafundo, na sasa umeshika rundo la uzi mikononi huku kayaki inasogea kwenye mawe na kafi liko miguuni. Ufukweni ungekaa chini ukafungua taratibu, kwenye kayaki huna hiyo nafasi. Spini haina hiyo shida, hata mgeni kabisa anarusha siku ya kwanza, na chambo chepesi kinaenda mbali zaidi. Ubaya wake ni kwamba unahitaji mikono miwili kufungua kile kiwaya cha mbele kinachoshika uzi, na uzi wa kusuka ukiulegeza kwenye upepo unajikunja vitanzi. Dawa yake ni kufunga kiwaya kwa mkono kila ukirusha, usifunge kwa kuzungusha mpini, na kuuvuta uzi kidogo ukaze kabla hujaanza kukusanya.

Kwa hiyo kwa anayeanza, spini ya saizi 4000. Saizi 2500 inayosifiwa kwa bass inaingiza uzi mchache na breki yake ni ndogo, 5000 na 6000 ni nzito mno kurusha umekaa kwa masaa. Hiyo 4000 inakaa katikati, inabeba uzi wa kutosha wa kusuka wa ratili 30, na mkono hauchoki.

Kuna aina ya tatu ambayo nasikitika haiongelewi, spini zenye kiwiko cha nyuma cha kuachia uzi, zile Shimano waliziita Baitrunner. Unamweka furu hai kwenye ndoana, unaweka fimbo kwenye kishikio, unafungua kiwiko, sangara akibeba anaondoka na uzi bila kusikia uzito wowote, wewe unaweka kafi chini vizuri, unashika fimbo, unazungusha mpini na breki halisi inarudi. Kwa anayevua kwa chambo hai hiyo ndo rili ya kayaki, nazichagua kabla ya beitikasta yoyote, kwa sababu zinakupa muda wa kuweka kafi chini na muda huo ndo unaokosekana kwenye chombo kidogo.

Na kama mpango wako ni kuburuza tu, unapiga kafi kutoka Igombe huku chambo kinakufuata nyuma mita 30 au 40, basi beitikasta ya duara aina ya Abu Garcia Ambassadeur 6500 au inayofanana nayo ndo inashinda. Huna habari ya kurusha, kwa hiyo upepo hauna neno, kidumu kinabeba uzi mwingi, na zile zenye kitufe cha mlio zinakuita samaki akiondoka na chambo. Gia iwe ya chini, tano kwa moja hivi, yaani mpini ukizunguka mara moja kidumu kinazunguka mara tano, maana chambo kinachozama kinavuta kwa nguvu na gia ya saba kwa moja itakuchosha mkono kabla ya saa nne asubuhi.

Sasa breki, wengine wanaita dragi. Maboksi yameandikwa kilo 10, kilo 15, usitishike nayo. Unaifunga kati ya robo na theluthi ya nguvu ya uzi, uzi wa ratili 30 ni kama kilo 13 na nusu, kwa hiyo breki yako iwe kilo tatu na nusu mpaka nne na nusu. Na kwenye kayaki kilo nne zinatosha sana kwa sababu kayaki yenyewe inaelea inamfuata samaki, anavuta wewe na plastiki yako na uzito wako wote, anachoka. Kinachotafutwa kwenye breki ni ulaini. Ianze kuachia uzi bila kushtuka, iachie kwa kasi ileile mwanzo mpaka mwisho. Rili nyingi za bei ya chini zinang'ang'ania kidogo kwanza alafu zinaachia ghafla, na huo mshtuko mmoja ndo unaokata uzi au kukuinamisha upande mmoja. Namna ya kupima ni rahisi na kifaa kipo kila mwalo, chukua ile mizani ya kuning'iniza samaki, funga uzi kwenye ndoano yake, mtu mwingine ashike mizani wewe vuta na fimbo imekunjika, soma kilo zinapoanza kuachia. Ukiona mshale unaruka ruka hiyo rili ina breki mbovu. Mwenye duka akikatalia usipime, nenda duka jingine.

Mwisho kwenye rili, angalia nani atakutengenezea. Mchanga wa ufukweni unaingia kwenye gia, na rili isiyofunguka kwa bisibisi ya kawaida au isiyo na vipuri ni ya kutupa. Rili rahisi yenye beringi chache inayofunguka mezani kwako ni bora kuliko yenye beringi kumi na mbili usizojua zinakaa wapi.

UZI

Uzi wa kusuka dhidi ya naironi, hapa maneno ni mengi ila kwa maji yetu jibu lipo. Wa kusuka ni mwembamba kwa nguvu ileile, haunyumbuki, unasikia kila kitu, na unaingia mwingi kwenye rili. Naironi inanyumbuka, inasamehe makosa ya breki, na ni bei rahisi. Kama rili yako breki yake ina mashaka weka naironi nene na utavua. Kama breki ni nzuri weka wa kusuka wa ratili 30 mpaka 50, ila lazima mbele yake ufunge mita moja na nusu au mbili za naironi nene ya ratili 60 hivi. Kwa nini? Kwanza mawe yetu, granaiti ya Mwanza ni msasa kabisa na uzi wa kusuka ukigusa jiwe ukiwa umekazwa unakatika hapohapo. Pili mdomo wa sangara hauna meno marefu, una vijino vidogo vingi vinavyokwaruza, na mfuniko wa matamvua yake unakata. Mmarekani atakwambia ununue fluorokaboni kwa sababu haionekani majini, na hiyo kwa maziwa yao maangavu ina maana, lakini maji ya Ghuba ya Mwanza ni ya kijani kwa mwani, hata kiganja chako ukikizamisha kwa urefu wa kafi hukioni vizuri. Hiyo hela ya kutoonekana weka kwenye kitu kingine. Kwa sababu hiyohiyo chambo kiwe na rangi kali na kipige kelele, zile zenye vigololi ndani.

FISHIFAINDA NA VIFAA VYA UMEME

Njia ni kama nne na zinatofautiana sana kwa bei na kwa usumbufu.

Ya kwanza ni bila chochote, kamba yenye mafundo kila mita na jiwe au risasi mwishoni. Usiidharau. Inakupa kina, na ukipaka sabuni au mafuta mazito chini ya risasi inarudi na matope au mchanga, ukiona haijabeba kitu ujue ni jiwe. Sehemu kubwa ya ghuba haina kina kikubwa, kwa hiyo kamba ya mita 25 inakutosha. Kwa anayevua eneo moja dogo analolijua, hii pamoja na GPS ya simu ya kuhifadhi pointi inamaliza kazi.

Ya pili ni kibuyu cha kurusha, kile kimpira kama Deeper kinachoelea na kutuma picha kwenye simu. Uzuri wake hakifungwi popote, leo uko kwenye kayaki ya kukodi kesho kwenye mtumbwi wa mjomba, unaweka mfukoni unaondoka. Ubaya ni simu. Jua la saa tano kioo hakisomeki, vidole vimelowa havigusi vizuri, betri inashuka haraka, na simu yako yenye namba za watu wote iko sentimita chache juu ya maji. Mimi naiona inafaa kwa asiye na kayaki yake mwenyewe. Mwenye ya kwake aangalie ya tatu.

Ya tatu ni fishifainda ndogo ya kufunga, mfano Garmin Striker 4, kioo cha inchi tatu na nusu, vitufe vya kubonyeza hata ukiwa na mikono yenye maji, na ina GPS ya kuhifadhi pointi ingawa haina ramani. Hii ndo chaguo langu kwa watu wengi. Sensa yake inapiga masafa mawili, kilohezi 77 na 200. Ile ya 200 inapiga mwali wa sauti mwembamba wa digrii 20 hivi, na ya chini inapiga mpana unaokaribia digrii 60. Maana yake kwenye maji ya mita 10, mwembamba unaona duara la mita tatu na nusu hivi chini yako, mpana unaona kama mita 11. Kwenye mawe tumia mwembamba, la sivyo unaona kivuli cha jiwe lililo pembeni ukadhani liko chini yako. Nje kwenye maji mapana yasiyo na kitu tumia mpana.

Kuhusu kuifunga, kayaki za plastiki za tabaka moja zina bahati, unaweza kugundisha sensa ndani kwa silikoni, sauti inapita kwenye plastiki bila kutoboa chochote, mradi hakuna kapovu ka hewa kwenye gundi. Ila joto la maji halitasoma sawa, na zile fishifainda za kupiga picha pembeni hazifanyi kazi vizuri hivyo, zinataka sensa iguse maji yenyewe.

Ya nne ni hizo kubwa za picha ya moja kwa moja, kama LiveScope ya Garmin iliyoanza 2018, unamuona samaki anasogea kwenye chambo sekunde ileile. Ni ajabu ya teknolojia na wanamashindano wa bass kule Marekani wameng'ang'ania humo. Bei inapita dola elfu moja hata kabla ya kioo, inakula umeme, inataka betri kubwa, nguzo ya kuzungusha, waya kila mahali. Kwa kayaki ya Mwanza siishauri. Hela hiyo inanunua fimbo, rili, uzi, laifujaketi nzuri na bado inabaki.

Halafu kitu cha kujua kabla hujanunua yoyote, fishifainda haijui sangara ni nani. Zima ile alama ya vijisamaki, inaweka picha ya samaki kwenye kila kinachorudisha sauti. Ziwa letu lina wale wadudu wanaopanda juu ya maji kama moshi, sasa vibuu vyao viko ndani ya maji na vina vifuko vya hewa, vinarudisha sauti vizuri sana, jioni utaona wingu zima linapanda kutoka chini ukadhani umepata kijiji cha samaki. Dagaa nao wanaonekana wingu, ila hao ni habari njema kwa sababu sangara yuko jirani. Unachotafuta kwenye kioo ni tao moja moja nene, yaani samaki mmoja mmoja mkubwa, pembeni au chini ya wingu la dagaa, na jiwe linaloinuka kwenye matope.

Msimu nao unabadilisha unachokiona. Kuanzia Septemba hivi mpaka Aprili maji ya kina kirefu yanajipanga matabaka, ya juu ya joto, ya chini ya baridi kidogo, na chini kabisa oksijeni inapungua, na sangara ni samaki anayetaka hewa ya kutosha, hakai huko. Hivyo ukitoka nje ya ghuba miezi hiyo ukaona mita 40 chini usipeleke chambo sakafuni, vua juu na katikati. Mwezi wa sita mpaka wa nane kusi linapiga, maji yanachanganyika, samaki wanasambaa mpaka chini. Ila hiyo ndo miezi kayaki haitakiwi kwenda mbali, kwa hiyo baki kwenye mawe ya pwani.

Betri. Ya risasi ya volti 12, ampea-saa 7 (Ah), zile za kengele za ulinzi na UPS, zipo mjini kila duka la umeme, ina zaidi ya kilo mbili. Ya lithiamu aina ya LiFePO4 ya ukubwa huohuo ni kama nusu ya uzito na unaitumia karibu yote, ya risasi ukiipitisha nusu mara kwa mara inakufa mapema. Fishifainda ndogo inakula chini ya nusu ampea, kwa hiyo hata nusu ya betri ya risasi, ampea-saa tatu na nusu, inakupeleka masaa saba. Mi ningeanza na ya risasi, nikiwa na hela ya ziada ndo nihamie lithiamu. Iweke kwenye dumu la plastiki lenye mfuniko, nyuma ya kiti, ifungwe isitembee. Na ukisoma IPX7 kwenye boksi la kifaa maana yake kinahimili mita moja ya maji kwa nusu saa, haimaanishi kinaelea.

SASA UCHUKUE IPI

Unayevua kwa kurusha kwenye mawe ya Capri Point, Bwiru, Luchelele: futi 7 MH mchanganyiko wa faiba na grafaiti, spini 4000, kusuka ratili 30. Kamba yenye mafundo inatosha kuanzia. Kisiwa cha Saanane kipo hapohapo na ni hifadhi ya taifa tangu 2013, usisogeze fimbo bila kibali chao.

Unayeburuza: H ya futi 7, rili ya duara, kusuka ratili 50, na fishifainda ndogo hapa inalipa kwa sababu unafuata kina. Kishikio cha fimbo kiwe mbele yako, sio nyuma ya kiti kama Wamarekani wengi walivyoweka, kwa sababu kugeuka nyuma na samaki ameshika ndo namna ya kupinduka.

Unayetaka sato: hakuna haja ya haya yote, sato hakimbizi chambo cha plastiki, anakula mwani na vitu vidogo. Fimbo laini ya futi 6, spini 2000, naironi nyembamba, nyungunyungu. Hiyohiyo inakuvulia furu wa chambo, kwa hiyo fimbo ya pili ya kila mtu iwe hii.

Fimbo mbili kwenye kayaki basi, ya tatu inakuwa kichaka cha kunasia. Kila moja ifungwe kwa kikamba kwenye kayaki, fimbo nyingi zikiwa na rili hazielei. Leseni ya uvuvi ulizia ofisi ya uvuvi kabla, na sangara chini ya sentimita 50 haruhusiwi, kwa hiyo chora mistari miwili ya rangi kwenye ukingo wa kayaki yenye sentimita 50 katikati yake, unampima akiwa bado amelowa na unamrudisha kama hajafika.

Na ukishanunua vyambo, toa zile ndoana zilizokuja navyo pamoja na vipete vyake kama ni vya saizi ya bass, weka nene zaidi, maana sangara wa kilo nane anazinyoosha. Ukibadilisha kirushe karibu uone kama bado kinacheza sawa, kikianza kuzama au kulalia upande mmoja ndoana zimezidi uzito, shuka saizi moja.